Kitochi na mikono miwili ya kushoto

Mwanangu Rehema,

Umeuliza kama uiweke kando simu janja, ununue kitochi mpaka mtihani wa uhasibu wa NBAA wa Novemba upite, kwa sababu kila ukifungua daftari mlio mmoja tu unakula nusu saa yako. Kitochi kitakutosha kwa kupiga, kupokea na M-Pesa, maana *150*00# haitaki intaneti. Lakini simu janja itakuwa nyumbani inakusubiri, na ukirudi jioni utaiangukia kama futari.

Mimi naona kukatizwa si hasara. Hasara ni kurudi kazini bila alama.

Unalikumbuka gauni la satini la mama yako la harusi ya Idi. Kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo, hakikunjiki mara mbili, shangazi yako akakitandaza tabaka moja. Ukikata hivyo, karatasi ya kukatia mkono lazima uigeuze kifudifudi kwa mkono wa pili. Simu ikalia, ujumbe umeingia, akajibu, akarudi, akailaza karatasi vilevile kama mwanzo. Mikono miwili, yote ya kushoto! Kingekuwa kitenge cha wax angegeuza tu, sura zake mbili karibu zinafanana. Satini inang'aa upande mmoja, na dukani rangi ile ilikwisha. Mama yako alikwenda harusini na mikono ya lesi, kila anayemtazama anaambiwa ndiyo fasheni.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wangu: picha ya waridi, Ijumaa njema. Shangazi yako hajanitamkia neno mpaka leo, na afadhali angenitukana.

Tangu siku ile, kabla hajaitika hata hodi, anaandika kwa chaki K ya kulia au S ya kushoto upande wa ndani wa kitambaa. Nawe kabla hujainuka andika pembeni ulipofikia na kinachofuata: "swali la 3(b), bado kutoa uchakavu." Usipoandika, utarudi kulisoma swali upya toka juu, na hapo kwenye kuanza upya ndipo mkono unapoitafuta simu. Likikujia wazo la kutazama kitu mtandaoni, liandike papo hapo kwenye karatasi, utalitazama jioni. Nakwambia tena, hasara ni kurudi bila alama.

Ingawa nisijidanganye: simu ya shangazi yako ingekuwa chumba kingine, gauni lingepona. Basi yako iwe kabatini, si kifudifudi mezani, hapo bado mkono unaifikia. Washa Usisumbue (Do Not Disturb), uruhusu anayepiga mara mbili mfululizo asikike. Mama yako nimeshamwambia apige mara mbili. Makundi ya WhatsApp usiyazime kwa saa 8, kesho yatalia tena. Chagua daima, kisha yahifadhi kwenye kumbukumbu (archive). Yatakaa huko hata ujumbe mpya ukiingia. Kundi la ukoo pia, na mimi nimo. Na ununue saa ya mezani ya kukuamsha. Simu ikiwa ndiyo kengele yako, inalala nawe kitandani, na kabla hujanawa uso umeshaona hali (status) za watu kumi.

Kitochi ununue, usinunue, hela ni yako. Kile cha zamani cha mama yako kipo kwenye droo, betri bado nzima. Jana nimekichaji. Sisemi zaidi.

Baba yako