"Anasikia sauti" au "anadhani anasikia sauti"?

Swali: Ninaandika habari za kaka yangu anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizo na msemaji. Mhariri ameniambia nifute "mwendawazimu" niweke "mgonjwa wa akili", na penye "anasikia sauti" niandike "anadhani anasikia sauti". Je, yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Kwa la kwanza nakubaliana naye. "Mwendawazimu" humtaja mtu kwa maradhi yake tu, na mitaani limekwisha kuwa tusi, kama jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, linavyorushiwa hata mtu mzima wa afya. Hata hivyo, kaka yako akiwa amepata nafuu na yuko kazini, "mgonjwa" halimfai. Andika "anaishi na skizofrenia".

La pili silikubali. Kudhani ni kuwa na wazo lisilo na hakika, ilhali mwenye kusikia sauti hizo, hasa ugonjwa unapokuwa umepamba moto, aghalabu hana shaka nazo: zinamfikia sikioni kama yako inavyomfikia unapomwita kula, na pengine zinamzungumzia kwa nafsi ya tatu, kana kwamba hayupo: "Huyo anaamka. Sasa anavaa viatu." Andika basi "anasikia sauti", na ukitaka ieleweke kwamba hakuna msemaji, ongeza "ambazo sisi wengine hatuzisikii". "Anadai" ni baya zaidi, maana linanuka mahakama, na baya kuliko yote ni "eti", kineno kinachomcheka mtu kabla hajamaliza kusema.

Penye shutuma mambo hubadilika. Ukiandika "alijua kwamba jirani anamtilia sumu", umemtia jirani hatiani. Ukiandika "alidhani", umeipunguza hofu iliyomfanya asile. "Aliamini" ndicho kitenzi chako, kwa kuwa kinabeba uhakika wake wote bila wewe kuudhamini.

Nakusihi pia usizitupe nahau za zamani kwa kuogopa kuudhi. Katika "alirukwa na akili" na "alipandwa na wazimu" kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mgonjwa ni mtu aliyefikwa na jambo asilolitaka, hali ambayo "alijiendea wazimu" haiwezi kuieleza. Tahadhari ni moja: kupandwa ni lugha ya pepo vilevile. Kama familia ilianzia kwa mganga, litumie katika sura hiyo, ambamo ndivyo watu walivyosema, na uliache mnapofika hospitali.