Ukiitwa studio na saksafoni yako, msikilize kwanza King Curtis

Wadogo zangu mnaopuliza mdomo wa bata mnaniuliza sana namna ya kupata kazi za studio, na wengi mnategemea nizungumzie kasi ya vidole. Mimi nawapeleka kwa King Curtis.

King Curtis, jina lake halisi Curtis Ousley, alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1934, akahamia New York, na huko akawa mtu ambaye waimbaji wa R&B wakitaka saksafoni wanamwita yeye. Sikiliza "Yakety Yak" ya The Coasters ya 1958. Wimbo wenyewe ni wa utani kuhusu wazazi wakali wanaomfokea mtoto wao, naye Curtis akaingia na noti fupifupi zinazotetea kama kuku, kana kwamba saksafoni nayo inajibizana na wale wazazi wakali. Kisha sikiliza "Respect" ya Aretha Franklin, 1967. Otis Redding, mwenye wimbo huo, alipoutoa 1965 hakukuwa na kipande kile ambacho saksafoni inapuliza peke yake. Kwa Aretha, Curtis alipewa vipimo (bar) vinane tu, haifiki hata nusu dakika. Akasema lake, akamwachia Aretha wimbo wake.

Hiyo ndiyo kazi ya studio. Hukuitwa kuonyesha yote unayoyajua.

Mimi nikifika studio, kabla sijafungua boksi namwomba prodyuza anisikilizishe sauti ya mwimbaji peke yake, bila ala. Nachukua karatasi yenye mashairi na kuweka alama kila anapovuta pumzi. Kwenye alama hizo ndipo napuliza. Kwingine nanyamaza, hata prodyuza akisema "jaza, jaza". Nikimpa teki (rekodi ya mara moja) moja iliyojaa na moja yenye nafasi, mara nyingi anabaki na hii ya pili.

Suala la pesa lizungumzwe mapema. Mpiga ala wa studio kwa kawaida hulipwa kwa kazi ya siku ile, na wimbo ukivuma hela zinakwenda kwa wengine. Kwa hiyo kubalianeni kiasi, jina lako litaandikwa wapi, na itakuwaje wimbo ukitumika kwenye tangazo. Yaandikeni, hata kwa WhatsApp.

Tena uwe na chako. Curtis alikuwa na bendi yake, na "Soul Twist" ilishika namba moja kwenye chati ya R&B ya Marekani mwaka 1962. Mwaka 1971 ndiye aliyeongoza bendi ya Aretha pale ukumbi wa Fillmore West, San Francisco. Agosti mwaka huohuo alichomwa kisu nje ya nyumba yake New York, akafariki akiwa na miaka 37. Inaniuma mpaka leo. Albamu ya John Lennon, "Imagine", ambayo alipuliza ndani yake, ilitoka mwezi uliofuata.

Wiki hii anza na "Respect". Saksafoni iache kwenye boksi. Viimbe vile vipimo vinane kwa mdomo, pamoja na pumzi zake, mpaka uweze kuviimba bila rekodi. Halafu ndipo utie ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni, na kupuliza.