Karabini mpya au ya kale ya nusu bei: kwanza ipimwe bolti

SWALI: Fundi, salamu. Ninaishi Houston, Texas, nina kadi ya kijani, na msimu huu nimeanza kuwinda kulungu na nguruwe mwitu. Natafuta karabini, yaani bunduki fupi, ya bolti ya kuvuta kwa mkono, yenye umbo la kijeshi. Dukani kuna Ruger Gunsite Scout mpya ya .308. Kwenye maonyesho ya bunduki nimekuta Lee-Enfield fupi ya .303, ile inayoitwa Jungle Carbine, kwa takriban nusu ya bei hiyo. Babu yangu alihudumu KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), kwa hiyo hii ya pili imenivuta. Namba ya bolti hailingani na ya mwili wa bunduki, lakini muuzaji anasema ameshaifyatulia boksi zima la risasi bila tatizo, na kwamba chuma cha jeshi hakichoki. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, kauli hiyo ya boksi zima lililofyatuliwa bila tatizo huletwa mezani kwangu na karibu kila mtu aliyenunua bunduki kuukuu, na ndiyo kauli isiyonieleza chochote. Bunduki iliyolegea kwenye kufunga bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inaweza kufyatua risasi mpya za kiwandani kwa muda mrefu bila kumdhuru mtu, kwa sababu ganda jipya la shaba huvumilia kuvutwa mara moja. Kinachotakiwa kujulikana ni nafasi inayobaki bolti ikishafungwa, na nafasi hiyo haijulikani kwa kusikiliza mlio.

Ganda la .303 lina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo huo ndio unaoegemea nyuma ya mtutu. Kati ya sehemu hiyo na uso wa bolti iliyofungwa, jeshi la Uingereza lilitaka nafasi isiyopungua inchi 0.064 wala kuzidi inchi 0.074. Ikizidi hapo, shinikizo la baruti hulibana ganda kwenye kuta za chemba, yaani tundu la mtutu linalopokea risasi, huku kitako chake kikisukumwa nyuma kuifuata bolti, na shaba iliyo katikati huvutika na kuwa nyembamba. Siku itakapokatika, gesi ya moto itatafuta njia ya kutokea nyuma, na nyuma ndiko uliko uso wako. Siku hiyo yaweza kuwa ya risasi ya kampuni nyingine yenye ukingo mwembamba zaidi, au ya ganda ulilolijaza upya mara ya tatu.

Ukitaka ushahidi ambao muuzaji hawezi kuubishia, mwombe maganda ya hilo boksi lake. Lishike ganda moja kwenye mwanga na ulizungushe taratibu, ukitazama sehemu iliyo juu kidogo ya ukingo. Mstari mng'avu unaolizunguka ganda kama pete ni dalili ya shaba iliyovutika. Kisha chukua waya mwembamba, hata wa kibanio cha karatasi, ukunje ncha yake, uingize ndani ya ganda na uukwaruze ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji mahali palepale penye pete, ganda hilo limekwisha. Usishtuke ukiona kwamba ganda limetanuka kidogo upande mmoja, maana chemba za Lee-Enfield zilichongwa kwa upana wa makusudi ili zipokee risasi zenye tope na vumbi la vitani. Lakini ganda jipya linalotoka na mfereji baada ya kufyatuliwa mara moja tu linatoka kwenye bunduki inayohitaji geji kabla ya risasi nyingine.

Nikisema geji nina maana ya geji ya chuma iliyotengenezwa kwa kipimo kinachojulikana. Kuna mafundi wa vibarazani wanaobandika seloteipu kwenye kitako cha ganda, safu juu ya safu, wakafunga bolti na kutangaza kwamba bunduki ni nzima. Seloteipu hubonyea, na mkono wenye nguvu utaifunga bolti juu ya safu ambazo mkono mwepesi ungezikataa. Huo si upimaji, na anayekutoza pesa kwa kazi hiyo anakuibia.

Hii namba ya bolti isiyolingana unaitaja kana kwamba ni dosari ndogo, lakini mimi naiona kubwa kuliko umri wa bunduki. Lee-Enfield hufungia kwenye sehemu ya nyuma ya bolti, na masikio yake mawili ya kufungia yalisawazishwa kiwandani yagusane na mwili wa bunduki ileile moja. Ukileta bolti ya bunduki nyingine, huenda sikio moja likabeba mzigo wote huku la pili likielea. Walaghai wanajua kwamba vichwa vya bolti (ncha za mbele zinazobadilishwa) vya familia ya Lee-Enfield No. 4, ambayo karabini hii imo, vilitengenezwa kwa saizi kuanzia 0 hadi 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo hufunga kichwa cha namba 3, nafasi ikapungua kwenye geji, na bunduki ikauzwa kuwa imekarabatiwa. Masikio yanayogusa upande mmoja yamebaki vilevile. Kazi ya kweli huanza kwa kupaka rangi ya alama kwenye masikio na kutazama panapogusa, na wengi wa hao wauzaji hawajawahi hata kuishika rangi hiyo.

Tena kwa nusu ya bei, nina shaka kama ni karabini halisi. No. 5 Mk I, ambalo ndilo jina rasmi la Jungle Carbine, ilitengenezwa kati ya 1944 na 1947 katika viwanda viwili tu vya Uingereza, BSA kule Shirley na Fazakerley, na tangu miaka ya 1950 kumekuwa na wafanyabiashara Marekani wanaokata bunduki ndefu, wakazipachika koni ya kuficha mwako mdomoni na kuzipa jina hilo la msituni. Halisi ina tundu kwenye kirungu cha mkono wa bolti, kilengeo chake cha nyuma kinaishia yadi 800 badala ya 1300, na ukiondoa mbao utaona mtutu umechongwa kupunguza uzito karibu na chemba. Hata hiyo halisi hupiga teke kali, na askari walilalamika kwamba shabaha yake inahamahama. Kuhusu babu, nisamehe nikisema kwamba askari wengi wa KAR walibeba .303 ndefu. Ukitaka kumbukumbu yake, tafuta ndefu yenye namba zinazolingana na uitundike ukutani.

Kwa kuwinda, nunua mpya. Scout ilitoka 2011, imejengwa juu ya umbo la Ruger M77, ina magazini ya kuchomoa yenye risasi kumi, na risasi za .308 hupatikana karibu kila duka la Texas. Kama bei yake ndiyo inayokusukuma kwenye ya kale, basi shuka kwenye Ruger American au Savage Axis za chemba hiyohiyo. Hazina sura ya kijeshi, lakini ukipatwa na hitilafu utakuwa na kiwanda cha kukiwajibisha, na kulungu hatofautishi. Usikimbilie pia Mosin-Nagant M44, karabini kuukuu ya Kirusi, kwa kuambiwa kwamba risasi zake za akiba ya jeshi ni rahisi. Fataki, yaani viwashio vya baruti, za nyingi kati ya hizo huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ambayo huvuta unyevu, na kwa hewa ya Houston kutu haitachelewa. Inaondolewa kwa maji, kisha kukausha na kupaka mafuta. Dawa ya kusafishia vioo inayosifiwa na wajuzi wa video inafanya kazi kwa sababu ya maji yaliyomo.

Jambo la mwisho ni kwa yeyote anayeshawishiwa kununua karabini iliyokatwa mtaani, au kukatiwa yake. Sheria ya shirikisho ya 1934 huihesabu bunduki yenye mtutu ulio chini ya inchi 16 katika kundi la silaha zinazotakiwa kusajiliwa kabla hujaitengeneza au kuipokea, na kuikuta tayari imekatwa na mwingine si utetezi. Funga bolti, hakikisha chemba ni tupu, ingiza kijiti kutoka mdomoni hadi kiguse uso wa bolti, weka alama kwenye usawa wa mdomo, kisha upime kijiti. Koni iliyochomelewa kwa kudumu huhesabiwa katika urefu huo. Iliyobanwa kwa skrubu au pini inayotoka, kama zilivyo nyingi za kuigiza, haihesabiwi, kwa hiyo ivue kwanza ndipo upime.