Kufundisha watoto kupima habari pasipo chumba cha kompyuta

SWALI: Nafundisha darasa la tatu, watoto zaidi ya 60. Shule haina kompyuta, ipo simu yangu tu. Watoto wanaamini kila wanachoona kwenye simu za wazazi. Nianzie wapi? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, usisubiri kompyuta, na tafadhali usianze kwa kuchora kipanya na kibodi ubaoni. Anza na picha.

Ipo picha ya papa akiogelea kando ya gari kwenye barabara iliyofurika. Ilisambaa mwaka 2011 baada ya kimbunga Irene kupiga Puerto Rico, ikaibuka tena 2017 Houston ilipofurika. Papa mwenyewe ni wa kweli, ila alikatwa kutoka picha ya Thomas Peschak iliyopigwa baharini Afrika Kusini, akimfuata mtu kwenye kayaki, yaani mtumbwi mdogo mwembamba. Chapisha zote mbili, hata bila rangi. Wape kwanza ile ya barabarani.

Usiulize "kweli au uongo?" Darasa zima litaitikia kwa pamoja lile wanalodhani unalitaka. Uliza: nani kaipiga? Tukitaka kujua, tumuulize nani? Mmoja atasema mvuvi, mwingine mtu wa mji ule, mwingine redio. Pokea yote, ndipo utoe picha ya pili. Kelele zitakuwepo, waache.

Majibu yao yana mantiki. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wahakiki wa habari na wanahistoria pamoja na wanafunzi wa chuo. Wahakiki hawakuukodolea macho ukurasa wa mtandaoni waliopewa kuupima. Waliuacha upesi wakatafuta wengine wanasemaje. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuanza tabia hiyo kwa mdomo tu.

Kipindi kinachofuata waonyeshe jambo la ajabu lililo kweli: maji mekundu ya Ziwa Natron. Hili walimu wengi hulisahau. Ukileta uongo kila mara, watoto watajifunza kukataa kila kitu, na hapo hujawafundisha kupima chochote.

Simu yako iingie mwishoni. Wao wakuambie maneno ya kutafuta, wewe uandike, kisha mtafute kwa picha kupitia Google Lens, programu ya simu inayotafuta mtandaoni picha zinazofanana na uliyonayo. Kazi ya nyumbani iwe ya kusimulia habari waliyoisikia. Wasilete simu za wazazi, maana humo mna meseji za pesa na mambo ya nyumbani yasiyotuhusu.