Kwa vijana wa kuswaga kulungu: ya Novemba tusiyarudie

Ndugu zangu mlioingia kwenye kundi letu misimu hii ya karibuni, habari za siku. Nimekaa kimya tangu Novemba nikingoja hasira ipoe. Imepoa, basi tuongee.

Ijumaa ile baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, tuliswaga korongo la nyuma ya ghala, yaani wengine wanatembea kwa mstari kuwatoa kulungu, wengine wanawavizia na bunduki kwenye vituo walivyopangiwa, na katika msako huo mmoja nikaona karibu kila kosa ninalolijua. Mmoja aliacha kituo kwenda kufuata chupa ya chai kwenye gari. Mwingine alibamiza mlango wa gari mpaka mwangwi ukarudi kutoka ng'ambo ya bonde. Wawili waliokuwa kwenye mstari wa kuswaga walitembea bega kwa bega wakipiga soga, pengo likafunguka katikati ya mstari, na kulungu wanne wakapita humo humo kurudi tulikotoka, bila hata kukimbia. Baadaye nikasikia mtu analalamika kwamba korongo halina kulungu. Limejaa, mdogo wangu. Tulipishana nao.

Nyama ya siku ile hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba mchezo huu unakufa na ninyi ndio niliowategemea. Nilipofika hapa Vernon, jimbo la Wisconsin, Marekani, nikaajiriwa kukamua ng'ombe, wiki ya Thanksgiving ilikuwa majirani wa mashamba manne wanakutana uani saa 12 asubuhi, baba, wana, wajomba na wakwe, na hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani kuswaga na ya nani kuvizia. Jimbo hili lilikuwa na mashamba ya maziwa zaidi ya 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo hayafiki 6,000. Shamba likifungwa, wana wanatawanyika, na ardhi inanunuliwa na mtu wa mjini anayetaka kukaa peke yake juu ya dungu lake, na kamera zake zimefungwa mitini, asisumbuliwe kulungu hata mmoja. Ni haki yake, ardhi ni yake. Lakini korongo huliswagi nusu. Leseni za kuwinda kulungu kwa bunduki nazo zilikaribia laki 7 mwaka 2000, na miaka hii hazifiki laki 6. Waliobaki wengi wana mvi na magoti mabovu. Nikiwatazama wanaoendelea kutoka kwa makundi ya ndugu naona Wahmong, waliokuja kama wakimbizi baada ya vita vya Laos, naona wakulima wachache wakaidi, na naona sisi. Kwa hiyo nisikilizeni.

1. Kituo ulichopewa usikiache mpaka nahodha, yule anayepanga msako, aje mwenyewe kukutoa.

Hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu wengi wenu mmesikia nusu yake kwa watu wengine.

Miaka yangu ya mwanzo mzee mwenye shamba alinipa kituo kwenye kona ya uzio, chini ya mwaloni mkubwa, juu kabisa mwanzo wa korongo. Mjukuu wake, kijana wa miaka 16, alimweka kushoto kwangu, pale kigongo kinapoinama. Akatuonyesha kwa kidole: wewe utapiga upande huu, wewe upande ule, na kule chini kwenye miiba hakuna mtu, kwa hiyo kulungu akivuka uzio akaelekea huko kijana anaweza kupiga. Nilisikia kila neno. Nikaitikia.

Nilikaa. Baridi ikaingia kwenye soli za viatu. Mbali kidogo nikaanza kusikia waswagaji wakiitana, halafu karibu zaidi nikasikia majani makavu yakikanyagwa, yakinyamaza, yakikanyagwa tena. Huo ni mwendo wa dume. Jike na watoto wake hupita kwa pamoja, dume mkubwa hutembea hatua chache akasimama kusikiliza. Sauti ilikuwa inapita chini yangu, nyuma ya kituta, mahali ambapo macho yangu hayafiki. Nikajiambia hatua chache tu, nione. Nikashuka nikiambaa na uzio, nikiwa nimeinama ili asinione, mpaka nikajikuta ndani ya ile miiba ya waridi pori iliyojaa malishoni huku. Kizibao changu cha rangi ya chungwa kikafunikwa na matawi. Kofia peke yake ndiyo ilibaki juu.

Dume alivuka uzio kama mzee alivyosema atavuka. Kijana akainua bunduki akamfuata. Alifanya kila alichofundishwa: alingoja mnyama atoke kwenye mstari wa waswagaji, akahakikisha ni dume, akatoa sefti, kisha akatazama nyuma ya mnyama kabla ya kufyatua. Ndani ya darubini, juu ya mgongo wa kulungu, akaona kofia yangu.

Hakufyatua. Mimi sikujua lolote, nilikuwa namtazama dume akipotea. Nilipopanda juu nikamkuta kijana ameketi chini, bunduki ameifungua na kutoa risasi zote, ameziweka mstari kwenye theluji, na ametapika. Mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka hawezi kushika kofia yake. Mzee alipofika aliniuliza swali moja: "Nani alikuambia utoke?" Nikakosa jibu. Akapiga filimbi, akaamuru kila mtu atoe risasi, na siku ikaishia hapo, saa 4 asubuhi, hali ya hewa nzuri, korongo mbili bado hazijaguswa. Hakuna aliyenung'unika. Tulikula mezani kwao kama kawaida, mama wa yule kijana akanipakulia sahani kamili, ila hakunitazama usoni. Niliomba msamaha kwa kila mmoja wao. Mzee alinisamehe, mwaka uliofuata akanirudisha kwenye mstari wa kuswaga, bila bunduki, na nilistahili hivyo.

Kijana hakurudi. Aliendelea kuwinda, lakini peke yake, juu ya dungu, mbali na watu. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanaowinda, na watoto hao hawajawahi kusimama kwenye mstari wa kuswaga hata siku moja. Watu wakieleza kwa nini misako imepungua wanataja ardhi, bei ya maziwa, kamera. Yote ni kweli. Ila kwa nyumba ile sababu ni mimi. Kwa hiyo ukiniona nakuja juu kwa sababu umetoka kituoni kufuata chai, ujue sikuchukii. Nakupenda, na nimeshamwona aliyekuwa karibu kuua mtu bila kosa lake.

2. Upepo uwe mgongoni mwa waswagaji. Harufu yao itangulie, na aliyevizia mbele asinuswe.

3. Anayevizia anatangulia, na anaingia kimya. Egesha mbali, sukuma mlango taratibu mpaka ushike, zima simu, zunguka upande ambao upepo haupeleki harufu yako korongoni. Mkiingia kwa kelele, dume ameshaondoka kabla mswagaji wa kwanza hajavuka uzio, na mtu atatembea mwendo mrefu kwenye miiba kwa ajili ya korongo tupu.

4. Mstari unyooke. Mtazame wa kulia kwako, mtazame wa kushoto, ukipotewa na rangi ya chungwa simama uite. Msikimbie. Kulungu mkia mweupe hakimbilii mbele ili kukufurahisha. Hulala, anakuacha upite, kisha anainuka nyuma yako. Ndiyo maana ukifika kwenye kichaka kinene simama kwa muda unaotosha kusema sala fupi. Ukimya ndio unaomtoa. Akisikia hatua ataendelea kulala akijua uko wapi, hatua zikikoma anaingiwa na wasiwasi. Nimeona dume wa pembe nene akiinuka miguuni pa mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu, na huyo mtu, shemeji yangu, hadi leo anafunga kamba kila kichaka. Nao waliokulia Rukwa au Kasulu, ambako vijiji hutoka na mbwa kufukuza nguruwe wanaoharibu mahindi, wanajua kupiga kelele vizuri sana. Huku tunapunguza: sauti ya kuitana inatosha.

5. Mswagaji hapigi mbele. Mviziaji hapigi kuelekea korongoni. Mnyama anapigwa akishatoka na kuvuka, na nyuma yake pawe na udongo, si anga. Usipouona udongo, mwache aende. Hakuna atakayekucheka kwenye kundi langu kwa kumwacha kulungu.

6. Sheria inataka angalau nusu ya mavazi ya juu ya kiuno iwe ya rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, na kofia vivyo hivyo. Mimi nataka zaidi ya nusu. Koti la kahawia livaliwe ndani ya kizibao.

7. Mpaka ni mpaka hata pasipokuwa na kibao. Kulungu wako akianguka upande wa jirani, unakwenda mlangoni, unavua kofia, unaomba. Akikataa, unarudi. Na usingoje siku hiyo ndiyo akuone kwa mara ya kwanza. Nenda Agosti, msaidie kupakia majani makavu, mpelekee sambusa. Mama mmoja jirani yetu alikuwa amefunga msitu wake kwa miaka kwa sababu kundi fulani lilimwachia lango wazi ng'ombe wakatoka barabarani. Mke wangu alikuwa akimpelekea maandazi wakati wa baridi, wala hakuwa na habari za msitu. Mwaka wa pili yule mama akauliza mwenyewe, "Mbona hamji kuswaga kwangu?" Sasa ndiko tunakoanzia kila mwaka, na lango nalifunga mimi, nikiwa wa mwisho.

8. Wisconsin inaruhusu mwenzako wa kundi apige kulungu kwa kibali chako, mradi muwe mnaonana au mnasikiana kwa sauti, bila redio wala simu. Mtu aliyebaki nyumbani akitazama mpira si mwenzako wa kundi. Mnyama asajiliwe kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata.

9. Kichwa kisitupwe. Ugonjwa wa CWD, ule unaoharibu ubongo wa kulungu pole pole mpaka akakonda na kufa, uligunduliwa jimboni hapa mwaka 2002 na haujaondoka. Peleka kichwa na sehemu ya shingo kwenye kioski cha vipimo, andika fomu, weka nyama kwenye friza mpaka majibu yatoke. Kuna kijana wetu aligawa nyama kanisani Jumapili hiyo hiyo, kwa ukarimu wote, kisha akashinda wiki mbili anaangalia simu. Majibu yalikuja salama. Asirudie.

10. Kama karatasi zako za uhamiaji hazijakaa sawa, usiguse bunduki ya mtu hata kwa kupiga picha. Muulize mwanasheria. Usimuulize rafiki wa kijiweni.

11. Mafunzo ya usalama yanapatikana vizuri tu, na kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1973 anayahitaji ili apate leseni. Mmepita, hongereni. Lakini yale yanakufundisha bunduki. Hayakufundishi korongo la nyuma ya ghala, kwamba kulungu wa pale hawatoki chini hata siku moja, wanapanda, wanavuka pale kigongo kinapoinama, na kwamba upepo ukitoka kusini msako huo haufai, tuanzie kwenye kinamasi. Hayo yako kichwani mwa mzee, ambaye sasa haendi zaidi ya ukumbi wa nyumba yake, na kichwani mwangu. Hayajaandikwa popote, na mimi nisingependa kuyaandika. Yanatembelewa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Septemba njooni shambani na viatu vya kutembelea, bila bunduki. Tutapita korongo zote, mmoja mmoja atasimama kwenye kila kituo anitajie wapi atapiga na wapi hatapiga, kisha tutakwenda kumsalimia mzee, na msiende mikono mitupu. Halafu nataka mmoja wenu apange msako wa korongo la kaskazini mwaka huu: yeye aweke watu, yeye apige filimbi, na mimi nitakwenda kusimama atakaponiweka. Anayetaka aniambie kabla ya mahindi kuvunwa, tupate muda wa kubishana.