Kabla Hujatupa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vichupa na Vikopo Vitupu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu vitu vidogo: mtungi wa jemu, kichupa cha vidonge, kopo la bati, kikopo cha mtindi. Karibu kila jibu limetulazimu kuuliza kwanza kilikuwa na nini, kisha kimetengenezwa kwa kitu gani. Ukishayajua hayo mawili, kazi mpya ya kikopo hujionyesha yenyewe.

Swali: Mhariri, nina mitungi ya kioo zaidi ya kumi. Nikibandua lebo inabaki gundi inayonata, na vifuniko vinanuka vitunguu hata nikivifua mara tatu. Nifanyeje ili niiwekee viungo vikavu?

Jibu: Haya ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na lebo. Iloweke mitungi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa. Ikiwa lebo inateleza yote na kutoka, gundi yake ilikuwa ya maji na kazi imekwisha. Ikitoka karatasi na gundi ikabaki, hiyo ni gundi isiyosikia maji, ila mafuta inayasikia. Changanya kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia na kijiko kimoja cha magadi ya kuokea mpaka upate uji mzito, paka juu ya gundi, acha dakika 30, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Mafuta hulainisha gundi, magadi huikwangua bila kuchuna kioo. Maliza kwa sabuni, maana mtungi wenye mafuta kwa nje huteleza mkononi. Gundi sugu iache na mchanganyiko huo usiku kucha. Usitumie kisu wala steli waya, hasa kwenye plastiki: mikwaruzo hushika uchafu usioonekana.

Njia nyingine ni kujaza mtungi maji ya moto kwa ndani, kusubiri dakika tano, kisha kuvuta lebo polepole kuanzia kwenye pembe. Maji yawe ya moto, yasiwe yanayochemka. Kioo hakipitishi joto haraka. Upande wa ndani hutanuka wakati wa nje bado ni baridi, na hapo ndipo kinapopasuka. Mtungi uliotoka kwenye friji uache kwanza ukae mezani.

Sasa harufu. Mtungi wenyewe hauna hatia, kwa sababu kioo hakinywi harufu. Mwenye kosa ni ule utando laini ulio ndani ya kifuniko, ambao hunywa mafuta ya kile kilichokuwemo. Upake magadi yaliyokorogwa na maji kidogo, uache usiku mzima, suuza, kisha kianike kifuniko juani kutwa nzima kikiwa kimegeuzwa juu. Bado kinanuka? Kipeleke kwenye mtungi wa vifungo au misumari. Kifuniko chenye kutu au kilichopinda kisirudi kwenye chakula kabisa.

Mitungi ya chakula ichemshe. Tandika kitambaa chini ya sufuria, panga mitungi, mimina maji ya baridi mpaka yaifunike, washa moto, na tangu maji yaanze kuchemka hesabu dakika 10. Itoe kwa koleo na uiweke juu ya kitambaa kikavu. Ukiiweka juu ya sakafu au meza ya mawe yenye baridi utasikia mlio usioupenda. Funga baada ya mitungi kukauka kabisa, vinginevyo viungo vitashikamana na kuota ukungu.

Swali: Kile kichupa cha deodoranti chenye gololi juu kinaweza kufunguliwa? Kila nikijaribu kinanishinda.

Jibu: Kinafunguka, ila si kikiwa baridi. Shingo yake ni ya plastiki ngumu iliyobana gololi, na ukiilazimisha hupasuka, kisha kitavuja daima. Kigeuze kichwa chini, tumbukiza shingo kwenye maji ya moto kwa dakika mbili au tatu. Kifunge kitambaa, hasa kama ni cha kioo, kisha ingiza mpini wa kijiko chini ya ukingo wa ile pete inayoshika gololi. Usiinue upande mmoja tu. Inua kidogo, zungusha, inua tena, mpaka pete iruke pamoja na gololi yake. Bisibisi iache: ikiteleza inaingia kiganjani.

Loweka vipande vyote kwenye maji ya sabuni usiku kucha, kwa sababu mabaki ya deodoranti hunata kama gundi. Baada ya hapo kichupa kina kazi tatu nzuri. Ya kwanza ni gundi ya karatasi: sehemu mbili za gundi nyeupe kwa sehemu moja ya maji. Ya pili ni maji matupu ya kulowesha stempu na bahasha, badala ya ulimi. Ya tatu, tunayoipenda kuliko zote, ni rangi ya maji kwa watoto wa shule. Wanachora bila brashi na bila kumwaga. Rangi iwe nzito kiasi cha krimu. Ikiwa nyepesi itatiririka kando ya gololi, ikiwa nzito gololi haitazunguka.

Jaza theluthi mbili tu, kisha bonyeza pete juu ya meza mpaka usikie "tak". Gololi ikigoma baada ya wiki kadhaa, gundi imekauka juu yake. Isimamishe dakika tano ndani ya maji ya uvuguvugu. Usimpe mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, kwani gololi ikitoka inaweza kumkaba.

Swali: Nikitoboa kopo la bati kwa msumari, linabonyea. Nataka kuoteshea miche.

Jibu: Linabonyea kwa sababu ndani hakuna kinachosukumana na nyundo. Lipe kitu cha kuliegemeza: jaza maji mpaka kubaki sentimita mbili juu, weka kwenye friza usiku mmoja bila kufunika, kisha toboa barafu ikiwa bado ngumu. Nafasi ya juu ni lazima, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Hata hivyo kitako kinaweza kuvimba kidogo. Kigonge taratibu kirudi. Kama huna friza, shindilia mchanga mbichi mpaka usibonyee kwa kidole. Haufikii barafu, lakini unasaidia.

Weka matundu manne au matano ya milimita 5 kwenye kitako. Mojawapo liwe katikati, mengine karibu na ukingo, maana maji hukimbilia huko. Msumari huacha meno makali kwa ndani, yapige kwa nyundo au yasugue kwa tupa. Mdomo wa kopo nao unakata: ukunje kwa ndani kwa koleo kabla hujalitia udongo. Bati litapata kutu, na kwa miche si hasara, kwani itahamishwa kabla kopo halijaoza.

Swali: Je, naweza kutumia vichupa vya vidonge kubebea dawa nyingine safarini?

Jibu: Hapana. Dawa ikae kwenye chombo chake chenye lebo yake, ili wewe na atakayekuhudumia mjue ni nini na inamezwaje. Vichupa hivyo vinafaa kwa sindano za kushonea, mbegu, pini na njiti za kiberiti. Ubandue lebo yote kwanza, kwa sababu ina jina lako. Kwa njiti, kata ubavu wa kiberiti, uufunge kwenye kipande cha plastiki, kisha uweke humo humo. Ukiuacha wazi, utasuguana na vichwa vya njiti mfukoni.

Swali: Nimeosha chupa ya kupulizia. Nataka kutia siki na magadi pamoja iwe sabuni ya kila kitu.

Jibu: Tunakusihi usifunge mchanganyiko huo. Siki na magadi vikikutana hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na chupa iliyozibwa inaweza kuvimba na kupasuka. Isitoshe, povu likishatulia, asidi ya siki na magadi vimemalizana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Povu linapendeza macho kuliko linavyosafisha.

Tia siki na maji nusu kwa nusu, upulizie vioo na mabomba yenye chokaa, usiguse marumaru. Magadi yaweke pembeni kwenye kikopo chenye matundu ya kunyunyizia. Pampu isafishe kwa kuipulizia maji ya uvuguvugu mara ishirini. Tundu lililoziba liloweke kwenye siki. Kama chupa ilikuwa na dawa yenye klorini, usiiwekee siki kamwe: klorini na asidi hutoa gesi ya sumu. Chupa ya namna hiyo irudie kazi yake ile ile. Na andika jina la kilichomo. Wino usiofutika, mkanda wa karatasi, chochote kile.

Swali: Naomba mbinu ya chupa ndogo ya maji inayojimwagilia mmea yenyewe.

Jibu: Kata chupa ya nusu lita kwenye theluthi ya juu. Toboa tundu la milimita 6 katikati ya kizibo, pitisha uzi wa utambi wenye urefu wa sentimita 20, funga fundo upande wa ndani ili usichomoke. Geuza sehemu ya juu, ikae kichwa chini ndani ya ile ya chini kama faneli. Nusu ya uzi ilale ndani ya udongo, nusu ining'inie majini.

Makosa ni matatu, na mawili ni ya kawaida. Kwanza, watu hupanda kwenye udongo mkavu wakitegemea uzi uulowanishe. Uzi mkavu haupandishi maji vizuri, kwa hiyo uloweshe kabla na umwagilie udongo kutoka juu mara ya kwanza. Pili, uzi wa pamba huoza baada ya miezi michache. Tumia wa polista. Tatu, mwanga hukuza ukungu wa kijani kwenye maji, basi funika sehemu ya chini kwa karatasi au ipake rangi. Ziba pia nafasi kati ya vipande viwili. Maji yaliyo wazi ni kitalu cha mbu, na penye joto yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Swali: Kwa nini kikopo cha mtindi kiliyeyuka nilipotia tineri ya kuoshea brashi?

Jibu: Angalia kitako chake. Ndani ya pembetatu pana namba, na 6 ni polistireni, plastiki inayoyeyushwa na tineri, petroli na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Kwa vitu hivyo tumia kioo au bati, mahali penye hewa, mbali na moto. Namba 1, ile ya chupa za maji, ina udhaifu mwingine: hulegea na kukunjamana maji yakizidi nyuzi 70 hivi, kwa hiyo usiichemshe. Namba 5 hustahimili joto vizuri zaidi. Kwa rangi ya ukutani iliyobaki, chagua mtungi mdogo kiasi kwamba rangi inafika karibu na mdomo, kwani hewa iliyomo ndiyo inayoifanya iote ngozi.

Swali: Betri ndogo za duara zilizokwisha na nyembe kuukuu niweke wapi mpaka nizipeleke kunakokusanywa?

Jibu: Kila moja kivyake. Nyembe ziingize kwenye bati lenye kifuniko kilichokatwa mwanya mwembamba. Likijaa, ziba mwanya kwa mkanda. Betri zibandike mkanda pande zote mbili, ili zisigusane na kupata joto, kisha uziweke kwenye kichupa cha vidonge kile chenye kifuniko kinachowashinda watoto, juu kabisa kabatini. Betri iliyokwisha bado ina umeme wa kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili. Akimeza, au ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri dalili.