Bonasi ya asilimia 5: ni ya faida ipi?

SWALI: Mimi ni meneja mkuu wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam. Mkataba wangu wa ajira unasema nitalipwa kila mwaka "bonasi ya asilimia 5 ya faida ya kampuni". Mwaka jana kampuni iliuza ghala lake la zamani, faida ikapanda sana. Bodi inadai kuwa fedha za ghala hazihesabiwi na kwamba asilimia hiyo hupigwa baada ya kodi. Je, nina haki ya kudai zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, mgogoro wenu umo katika neno moja, "faida", ambalo mkataba umeliacha bila tafsiri. Hesabu za kampuni huonyesha faida ghafi (mauzo kutoa gharama za bidhaa au huduma zilizouzwa), faida ya uendeshaji (baada ya kutoa pia gharama za kuendesha biashara), faida kabla ya kodi na faida baada ya kodi, na kila moja ina tarakimu yake.

Tuchukue faida ya shilingi bilioni 2, kabla ya kodi na kabla ya bonasi yenyewe kutolewa. Asilimia 5 yake ni milioni 100. Hata hivyo, bonasi nayo ni gharama ya kampuni; ikikubaliwa kwamba faida ni ile inayobaki baada ya kuitoa, milioni 100 hugawanywa kwa 1.05, kwa kuwa bilioni 2 ni faida inayobaki pamoja na asilimia 5 yake, na kubaki takriban milioni 95.2. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 ikitolewa pia, ikipigwa kwa faida iliyobaki baada ya bonasi, asilimia 5 ya kinachosalia hushuka hadi takriban milioni 67.6. Sentensi ni ileile, lakini zaidi ya milioni 32 zimetoweka.

Kuhusu ghala, ninaielewa hoja ya bodi: bonasi hutuza utendaji, na thamani ya jengo ilipanda bila juhudi zako. Lakini hilo lilipaswa kuandikwa. Hesabu zilizokaguliwa huingiza faida ya kuuza mali ya kudumu katika faida ya mwaka, na kwa maoni yangu si haki kwa bodi kulibana neno baada ya kuona tarakimu. Utata wa mkataba kwa kawaida husomwa dhidi ya upande uliouandika. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, ni mazoea yenu: tafuta karatasi za ukokotoaji wa bonasi za miaka iliyotangulia, uone bodi ilianzia mstari upi. Ikiwa siku zote ilianzia faida baada ya kodi nawe ukapokea bila kupinga, dai lako kuhusu kodi litakuwa dhaifu, ingawa la ghala litabaki.

Angalia pia kama kuna maneno "kwa hiari ya bodi", kwa kuwa hayo hubadilisha haki kuwa matarajio tu.

Usiache mazungumzo yakumalizie muda. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukishinda, kumbuka kuwa bonasi ni mapato ya ajira: sehemu ya mapato ya mwezi inayozidi shilingi 1,000,000 hukatwa kodi ya asilimia 30.

Katika mkataba ujao, omba kipengele kisomeke hivi: "asilimia 5 ya faida kabla ya kodi na kabla ya bonasi hii, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa, bila kujumuisha faida au hasara ya kuuza mali ya kudumu, na italipwa ndani ya siku 30 baada ya bodi kuidhinisha hesabu hizo."